Nusu ya Somo la Maji

Ukiwa ndani ya darasa la bati lisilo na dari, mvua ya Isongole huisikii kama mvua. Unasikia kokoto zinamwagwa juu ya kichwa chako, gari zima, na dereva hana haraka ya kuondoka. Mwalimu anafungua mdomo, unaona meno, unaona ulimi, sauti huipati. Sisi wanafunzi wa darasa la tano tulizijua dalili zake mapema: mlima unajifunika, upepo unaingia na harufu ya udongo na majani ya viazi, halafu tone la kwanza linagonga bati, la pili, la tatu, na hapo tunaanza kuchekeana chini kwa chini maana tunajua somo limeishia hapo. Masika ya mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mvua moja ya Ijumaa ilinikatia somo katikati. Nikarudi nyumbani na nusu yake. Nusu hiyo, jamani, kidogo tu imuue ng'ombe wa baba yangu.

Mwalimu wetu wa sayansi tulimwita Mwalimu Shabani. Alikuwa kijana wa Kigoma, aliyepangiwa kwetu bila, nadhani, kuelezwa habari ya baridi. Alivaa koti zito na kofia ya sufu hata saa sita mchana, akishika chaki anaipulizia kwanza kana kwamba nayo inatetemeka. Lakini kufundisha alijua. Ijumaa ile alikuja na glasi mbili alizozifunga kwenye gazeti. Katika ya kwanza alitia maji na konzi ya udongo kutoka uani, akakoroga, maji yakawa mabaya kabisa. Akaiweka dirishani, akatuambia tusubiri. Tulipokuwa tunaimba majedwali, udongo ulikuwa unashuka taratibu, hadi juu pakabaki maji meupe. Akayamimina polepole kwenye kikombe kupitia leso yake. "Huu ulikuwa mchanganyiko," akasema. "Maji na udongo vimekaa pamoja, lakini havikuungana. Ukivipa muda vinaachana, ukitumia kitambaa vinaachana." Akachukua glasi ya pili, akafungua kikaratasi chenye chumvi, akaitia, akakoroga. "Sasa hii," akasema, na bati likalia. Nilimwona anaendelea kuongea, anainyanyua glasi, anaionyesha kwa kidole, anatikisa kichwa kwa mkazo kama mtu anayekataza jambo. Kisha akaandika ubaoni neno moja, MMUMUNYO, kengele ikagongwa, nasi tukatoka mbio tukijifunika madaftari kichwani.

Mimi nilikuwa mtoto wa kujiona, sina haja ya kuficha. Somo likinikaa kichwani, nyumba nzima lazima ijue. Jioni ile ile nikatangaza kwamba kuanzia leo mambo ya maji niachiwe mimi. Na kweli maji yalikuwa shida. Watu wakisikia Rungwe wanadhani sisi tunaogelea, mvua kila siku, chemchemi kila bonde. Maji yapo, ndiyo, lakini masika kijito chetu kilikuwa kinashuka na udongo wa mashamba yote ya juu, na njia ya kukifikia ilikuwa mteremko wa utelezi ambao ukikosea hatua moja unafika chini kabla ya ndoo yako. Nikapanga mabeseni na ndoo ukutani, nikawa natuliza maji, namimina, nachuja kwa kipande cha kanga kuukuu cha mama. Mama akipita ananitania, "Mwalimu wa maji, umeshatufaulisha?" Nami najibu kwa kujivuna kwamba mchanganyiko ukipewa muda unaachana. Nilikuwa naona hakuna tope la dunia hii litakalonishinda.

Aliyefaidi zaidi utaalamu wangu alikuwa Madamu. Huyo ndiye ng'ombe wetu, wa maziwa, mweusi mwenye mabaka meupe, tuliyemfungia bandani na kumkatia majani. Jina alipewa na baba kwa sababu ya mwendo wake, anavyoinua shingo akipita mbele za watu kama mwalimu mkuu anayekagua foleni. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na watu, lakini kwa Madamu alikuwa na mazungumzo. Alikuwa anamsugua mgongo kwa brashi huku akimsimulia bei ya viazi na tabia za majirani. Alimpata baada ya misimu mitatu ya viazi, mgongo wake mwenyewe ukiwa shahidi, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa kwenye uji wa mdogo wangu Lusajo, kwenye sare zangu, kwenye kila kitu. Na masika yale alikuwa na mimba ya miezi saba. Baba alishasema wazi kwamba hatakunywa maji ya tope, mimba isije ikaharibika. Kwa hiyo kazi ya kumnywesha nilikabidhiwa mimi, ndoo mbili asubuhi na mbili alasiri, tena kwa maneno mazito: "Atupele, huyu namweka mikononi mwako, mama."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda mapema kukata majani ya guatemala, ya kulishia ng'ombe, mpakani mwa shamba, na nilipokuwa huko mama aliosha mifuko ya mbolea. Ni kazi ya kila mwaka kwetu baada ya kukuzia mahindi. Mfuko wa mbolea ni mali, ukishaoshwa unabeba viazi, unaanikiwa mahindi, unakaliwa, unazibia dirisha. Na maji yaliyooshea hayatupwi, yanawekwa kwenye mboga au shina la mgomba, kwa kuwa mbolea ni mbolea hata ikiwa chembe. Mwaka ule mfuko mmoja ulikuwa umelowa stoo, urea iliyobaki ikaganda chini kuwa mabonge. Mama akaikung'uta, akaisugua yote ndani ya beseni kubwa la bluu pamoja na tope la shambani lililokuwa limeganda nje ya mifuko. Akaanika mifuko uani upande wa nyuma, akaliacha beseni pale pale chini ya mchirizi wa bati, akaenda kumwogesha Lusajo. Ile ilikuwa sehemu ninayotulizia maji yangu mimi. Hakuniambia, wala mimi sikuuliza.

Alasiri nikatoka na ndoo kwenda kijitoni. Nikapita kando ya beseni la bluu, nikasimama. Tope lote lilikuwa chini, limelala vizuri, na juu maji yalikuwa meupe hata naliona ua lililochorwa kwenye sakafu ya beseni pale ambapo tope lilikuwa jembamba. Nikajua ni maji ya mchirizi yaliyotulia yenyewe. Moyo wangu ukafurahi sana, maana mteremko ulikuwa umenyeshewa na nilikwisha kuanguka mara mbili wiki ile. Nikainamisha beseni kidogo kidogo, kwa ustadi wote wa Mwalimu Shabani, nikachuja kwa kanga, nikajaza ndoo. Yalikuwa mazuri, safi, hayana hata unyasi. Nikampelekea Madamu. Akanusa, akaniangalia, akanusa tena. Siku hiyo alikuwa amelamba sana jiwe la chumvi na alikuwa na kiu, basi akaingiza mdomo akaivuta ndoo yote. Nikarudi kumjazia ya pili, hiyo akaionja akainua kichwa, akaikataa. Nikamwambia, "Basi wewe, unaringa," nikaimwaga, nikaenda zangu kusuka nywele za mwanasesere wa magunzi.

Sikusuka hata mstari mmoja. Nilimsikia mama kule nyuma anaguna peke yake, halafu akapaza sauti, "Nani kachukua maji yangu ya mbolea? Beseni limebaki tope tupu!" Nikamweka mwanasesere chini. Nikajibu kutoka pale nilipokaa, bila kufikiri, "Sijui, mama." Neno dogo tu, sijui, lilinitoka lenyewe. Mama akalalamika kidogo kuhusu kuku na mbwa wa jirani, akaacha. Nami nikakaa nikijituliza kwa elimu yangu. Nikajiambia: maji si yalikuwa meupe? Udongo si ulibaki chini? Basi na mbolea nayo imebaki chini pamoja na udongo, na kanga nayo imechuja kilichobaki. Mchanganyiko ukipewa muda unaachana. Nilirudia sentensi hiyo mara nyingi, na kila nikiirudia naona inakaa sawa. Hapo ndipo niliposikia banda linagongwa.

Madamu alikuwa anatetemeka. Masikio yanamcheza, ngozi ya begani inakimbia kimbia, mate yanamtoka meupe yenye povu, na anagugumia sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwa mnyama. Baba alitoka shambani akikimbia na jembe mkononi. Tumbo upande wa kushoto lilikuwa limeanza kuvimba. "Majani," akasema baba, "amekula majani yenye maji mengi, amejaa gesi." Akampigia simu bwana mifugo, akakosea namba mara mbili. Mama Lugano, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, akaja na watoto wake nyuma yake, akaanza kusema, "Ndaga fijo, ndaga fijo, poleni jamani," kama vile tumekwisha kufiwa. Madamu akapiga magoti ya mbele. Baba akaweka bega lake chini ya shingo yake amzuie asilale ubavu, akawa anamwambia kwa sauti ya chini, "Simama mama, simama, usinifanyie hivyo." Nilikuwa sijawahi kumwona baba anambembeleza mtu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini mdomo wangu haukufunguka.

Bwana mifugo alifika kwa bodaboda, amelowa chapachapa, begi lake kalifunika kwa nailoni. Alikuwa mtu mnene wa umri wa baba, mwenye haraka isiyokuwa na kelele. Akamgusa tumbo, akaligonga kwa vidole, akamfunua jicho. "Amekula nini?" Baba akataja majani. "Amekunywa nini?" Mama akajibu badala yangu, na nalikumbuka jibu lile mpaka leo kwa sababu lilikuwa la kuniamini: "Maji ya kawaida tu. Atu ndiye anayemnywesha, anamchujia kabisa." Bwana mifugo akatoa kwenye begi chuma chenye ncha cha kutobolea tumbo, akakifuta kwa dawa. Lakini alisita. Akasema, "Ikiwa ni gesi ya majani, nikimtoboa anapona. Ila huku kutetemeka sikupendi. Ikiwa kuna kitu kingine tumboni, nitakuwa nimepoteza muda, na muda huyu hana." Baba akasema, "Fanya unavyoona, ndugu yangu."

Nikachomoka. Waliniona wakadhani nimeogopa damu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye beseni la bluu, nikapiga magoti, nikaingiza mikono yote miwili kwenye tope. Nilikuwa natafuta mbolea. Urea nilikuwa naijua, nilishaimwaga shambani kwa kifuniko cha soda, shina kwa shina, punje nyeupe za duara zinazoteleza vidoleni. Nikasema nikizikuta humu chini, hata chache, basi elimu yangu ni ya kweli na Madamu hana kitu, ni majani tu kama baba anavyosema. Nikafinyanga tope lile, nikalitandaza kwenye kanga, nikalimwagia maji, nikachuja, nikatazama. Udongo. Mchanga. Jani moja la mahindi. Ya mabonge ya mbolea aliyoyasugua mama, sikukuta hata punje moja. Ndipo nikaona, pale pale mbele ya macho yangu, ile glasi ya pili ya Mwalimu Shabani, chumvi inazunguka, inapungua, haipo. Haikushuka chini. Haikubaki kwenye leso. Na Mwalimu anatikisa kichwa, mdomo unakwenda, nasi tunachekeana. Kumbe alikuwa anasema hili. Mbolea ilikuwa ndani ya yale maji meupe, na yale maji meupe yalikuwa ndani ya Madamu.

Sikumbuki nilivyorudi bandani. Nakumbuka mikono yangu ilikuwa na tope hadi kwenye viwiko na nilikuwa nalia kwa sauti. "Baba, msimtoboe! Alikunywa maji ya kwenye beseni la bluu. Ndoo nzima. Mama aliuliza nikasema sijui, nilidanganya, ni mimi!" Mama akajishika kichwa. "Mungu wangu, yale ni maji ya mifuko ya urea!" Baba akageuka akanitazama. Nilisubiri mkono wake. Lakini bwana mifugo alikwisha kutupa kile chuma ndani ya begi, akawa anapiga kelele kwa mara ya kwanza. "Siki! Nani ana siki?" Siki Isongole, nani anayo? Mama Lugano hakuijua hata ni nini. "Limau? Kitu chochote kichachu! Maziwa mgando je?" Hapo uso wa mama ukabadilika, na wa Mama Lugano nao, kwa sababu ukitafuta nyumba ya Mnyakyusa isiyokuwa na maziwa mgando utatafuta sana.

Walitoka mbio kila mmoja upande wake. Mama akaleta ndoo yetu, Mama Lugano akaleta kibuyu, watoto wake wakatumwa nyumba za juu wakarudi na vibuyu viwili na jagi, na nyuma yao wenyewe wenye vibuyu wanakuja wakiuliza kuna nini. Bwana mifugo aliyachanganya na maji baridi, baba akainua kichwa cha Madamu kidogo, wakawa wanamnywesha kwa chupa ya soda, chupa moja, wanangoja ameze, chupa nyingine. Alituelezea huku anafanya kazi kwamba ile mbolea tumboni mwa ng'ombe inageuka sumu inayopanda haraka, na uchachu unaituliza. Mimi nilipewa kazi ya kujaza chupa. Hakuna aliyenifukuza. Nilijaza kwa mikono ile ile yenye tope, nikizipokea tupu na kuzirudisha zimejaa, huku nasali kimoyomoyo, na sala yenyewe haikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nasema tu asife, asife, asife.

Mvua ilikatika bila sisi kujua. Kulipoanza kuwa na giza la ukungu, ngozi yake ikaacha kucheza. Masikio yakatulia. Akapumua pumzi ndefu iliyotutoa wote jasho, kisha akakojoa, mkojo mwingi sana, na watu wazima wote waliokuwa bandani wakashangilia kukojoa kwa ng'ombe kama goli la timu yao. Baba hakushangilia. Aliendelea kumshika shingo. Bwana mifugo akasema tusubiri jambo moja la mwisho. Tukasubiri. Baada ya muda mrefu Madamu akatikisa shingo, kitu kikapanda kooni mwake, na taya lake likaanza kwenda upande, polepole, kwa maringo yake yote. Alikuwa anacheua. Baba akakaa chini kwenye samadi na suruali yake ya shambani, akacheka peke yake, akafuta macho kwa kiwiko, akacheka tena. Nimesikia vicheko vingi tangu hapo, lakini ule ndio ninaoukumbuka kila ninapokuwa na hofu.

Sikuchapwa. Niliona ajabu, nikakaa naingoja fimbo mpaka tulipomaliza kula. Baba akaniita nje. Akaniambia, "Umefanya makosa matatu. Ulinywesha kitu usichokijua, ukadanganya, ukachelewa kusema. Lakini ulisema. Ungechelewa kidogo tu, saa hizi tungekuwa tunachuna ngozi." Akaongeza, "Na mama yako naye kaacha beseni bila kusema. Na mimi niliacha mfuko ukalowa. Wote tumeshirikiana." Kisha akaniwekea mkono kichwani, akaniagiza Jumatatu niende kwa mwalimu nikachukue nusu iliyobaki, maana kwa nusu hii niliyonayo hatutabakiwa na mfugo. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Usiku ule nililala usingizi mzito kuliko usingizi wowote wa utoto wangu.

Jumatatu nikamweleza Mwalimu Shabani yote. Alivua kofia yake ya sufu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akawa anaizungusha mikononi. "Nilikuwa nawaambia," akasema, "nilikuwa nawaambia kabisa, usinywe kwa sababu tu ni meupe." Hakunilaumu. Siku hiyo anga lilikuwa wazi, akarudia somo kwa darasa zima. Akatia chumvi, tukaichungulia hadi ikapotea, tukachuja kwa leso, leso ikabaki bila chembe ya chumvi. Akamwita kila mtu alambe tone kwa kidole. Kisha akachukua kijiko cha maji yale, akakishikilia juu ya mshumaa hadi maji yakaisha, na kwenye kijiko kukabaki utando mweupe. "Huu ndio mmumunyo. Chumvi imemumunywa kama pipi mdomoni. Huioni, lakini ipo yote, haikupungua hata kidogo." Na tangu siku hiyo, mvua ikimkatiza, alikuwa anaandika ubaoni kwa herufi kubwa kabla hatujatoka: SOMO HALIJAISHA. Darasa zima likawa linajua nani chanzo, nikataniwa nalo hadi namaliza la saba.

Bado kulikuwa na mimba. Hilo sikumwambia mtu jinsi lilivyonisumbua. Bwana mifugo alisema mama mtu amepona, ndama hawezi kuahidi. Kwa miezi miwili nilikuwa naingia bandani kila asubuhi kabla ya shule, naweka kiganja kwenye ubavu wa kulia wa Madamu, nangoja. Siku nyingine sihisi kitu, nakwenda shule nikihesabu siku zilizobaki. Siku nyingine kitu kinanigonga kwa ndani, na siku hiyo naimba njia nzima. Alizaa asubuhi moja ya ukungu, ndama jike, mwenye miguu mirefu na doa jeupe kwenye paji, na kabla hajakauka alikwisha kutafuta titi. Baba akaniita nije nione. Akaniuliza kama nina jina, nikasema sina. Akasema yeye analo. Akamwita Sema.

Sasa naishi Tukuyu mjini, ni muuguzi, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kuwakabidhi akina mama chupa za dawa za watoto. Ziko zile za kutikisa, zinazotulia chini kama tope la kijito chetu, na nawaambia watikise kila mara, la sivyo mtoto atakunywa maji wiki nzima halafu siku ya mwisho anywe dawa yote. Ziko zile ambazo kitu kimekwisha kuyeyuka, hazihitaji kutikiswa. Siwaachi waondoke mpaka wanirudie nilichosema, na mvua ikipiga bati la zahanati nanyamaza, nangoja ipungue, naanza upya. Wenzangu wananiona nina maneno mengi. Nyumbani nina bomba uani, na maji yakija ya kahawia tunajua ni masika. Kuna mambo mengi ya wakati ule siyatamani, ule mteremko wa utelezi ukiwa wa kwanza. Ila nikipita barabarani nikasikia harufu ya majani ya viazi yaliyolowa, namwona baba amekaa kwenye samadi anacheka, na mabega yangu yanashuka yenyewe.

Wiki iliyopita chai yangu ilikuwa na chumvi. Siku mbili mfululizo, chai, uji, hata maji ya kumezea dawa. Nililaumu bomba, nikalaumu duka la sukari, nikasafisha sufuria zote kwa majivu. Jumapili baba akapiga simu kutoka Isongole, sauti imechakaa lakini furaha ile ile: mjukuu wa Sema amezaa usiku huo, jike tena. Nikaweka simu sauti ya juu ili Neema, binti yangu wa miaka saba, amsikie babu yake. Baba akaanza kumsimulia habari ya Madamu tangu mwanzo, na beseni, na vibuyu, na mama yake alivyolia ana tope hadi kwenye viwiko. Neema alisikiliza kimya, kimya kisichokuwa chake. Ilipofika mwisho akaniangalia. "Mama, ulichapwa?" Nikamwambia sikuchapwa. "Hata kidogo?" Hata kidogo. Akakunja mdomo, akaangalia ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa kwenye kona. "Chumvi ni mimi. Pakiti nzima. Mwalimu alisema inapotea, nikataka kuona inakwenda wapi."

Nilikaa chini kwenye sakafu, nikacheka hadi nikashika ubavu, na simuni baba naye alikuwa anacheka, anakohoa, anacheka. Alipopata pumzi akasema, "Basi nilikuwa nimepiga kuuliza jina la ndama. Nimeshalipata." Jana alinitumia picha yake. Ana miguu mirefu na doa jeupe kwenye paji, na anaitwa Chumvi.